Skii za majini: tuvuke daraja kwenda Buffalo au tununue hapahapa Ontario?

Nina karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni risiti ya duka lililo upande wa Buffalo, jimbo la New York: jozi ya skii za majini za wanaoanza (mbao za kuvaa miguuni na kutelezea juu ya maji huku ukivutwa na boti), pamoja na viatu vyake, dola 320 za Marekani. Ya pili ni bei niliyoandikiwa na duka lililo mwendo wa dakika 20 kwa gari kutoka nyumbani kwetu Hamilton, Ontario: jozi hiyohiyo, mtengenezaji huyohuyo, dola 499 za Kanada. Sisi ni familia tatu tunaomiliki boti moja kwa mchango. Watoto wetu wamezaliwa huku, na ziwa kwao ndio uwanja wa mpira. Kila ikifika Mei, mjadala ni uleule: shemeji yangu anasema anayenunua Ontario anatupa hela, mke wangu anasema anayevuka mpaka anatupa Jumamosi nzima. Safari hii nimekaa chini nikapiga hesabu, maana wanaotuuliza wamekuwa wengi, hasa ndugu zetu waliofika Kanada miaka ya karibuni ambao watoto wao wameanza kualikwa ziwani na wenzao wa shule.

Tuanze na hiyo 320. Kaunti ya Erie, ilipo Buffalo, ina kodi ya mauzo ya asilimia 8.75, kwa hiyo kaunta inakudai 348. Siku niliyonunua, dola moja ya Marekani ilikuwa dola 1.38 za Kanada; hapo tayari ni 480. Benki yangu hukata asilimia 2.5 kwa kila malipo ya fedha za kigeni: 492. Kisha unarudi darajani Fort Erie, upande wa Kanada. Umetoka asubuhi, unarudi jioni, hujatimiza saa 24 nje ya nchi, basi huna msamaha wowote, na ofisa wa forodha anakutoza HST, kodi ya mauzo ya huku Ontario, asilimia 13, ambayo hapa ni kama dola 60. Jumla 552. Duka la Hamilton, 499 pamoja na HST hiyohiyo, ni 564. Umeokoa dola 12, na bado hujalipia daraja wala petroli ya kwenda na kurudi.

"Basi lala hukohuko," shemeji hunijibu. Ana hoja, ila inategemea unalala siku ngapi. Ukikaa nje zaidi ya saa 24, unaruhusiwa kuingiza vitu vya dola 200 za Kanada bila kutozwa. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu ananunua kitu cha 440, anadhani atalipia zile 240 zilizozidi. Sivyo. Ukishapita 200, msamaha huo unakufa wote na unatozwa kuanzia dola ya kwanza. Ukitimiza saa 48 kiwango ni 800, na hapo kinachotozwa ni ziada peke yake. Tena msamaha ni wa kila mtu na wake. Wewe na mkeo hamwezi kuunganisha zenu mkaingiza kitu kimoja cha 1,600. Kwa jozi yangu ya 320, usiku mmoja usingenisaidia kitu. Siku mbili zingeniokolea kama dola 70.

Viwango hivyo vilipandishwa Juni 2012, kutoka 50 na 400, wakati dola ya Kanada ilikuwa karibu sawa na ya Marekani. Sifa ya Buffalo kwamba kila kitu ni rahisi ilikolea miaka ile, na wengi wetu tumeirithi kutoka kwa waliotutangulia bila kuuliza kama bado ni kweli. Kufika Januari 2016 dola ya Kanada ilikuwa imeanguka chini ya senti 70 za Marekani. Mlango wa duka ni uleule, lakini hesabu ya kuuingia imegeuka kabisa.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni ushuru wa forodha wenyewe, ambao si sawa na HST. Mkataba wa biashara kati ya Kanada, Marekani na Meksiko, ulioanza kutumika Julai 1, 2020, unafuta ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi hizo. Zilizotengenezwa, si zilizouzwa. Majina makubwa ya skii ni ya Wamarekani: Herb O'Brien wa jimbo la Washington alianzisha kampuni mbili peke yake, O'Brien na HO, na Connelly na Radar nazo zimetokea jimbo hilohilo. Lakini jina la Kimarekani halisemi ubao umetoka kiwanda gani, na skii nyingi za wanaoanza hutengenezwa Asia. Geuza ubao, soma nchi iliyoandikwa, kisha ndio upige hesabu. Halafu kuna siasa. Machi 4, 2025 Kanada iliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye orodha ndefu ya bidhaa za Marekani, na Septemba 1 mwaka huohuo ikauondoa kwa sehemu kubwa ya zile zinazokidhi mkataba. Msimu wetu wa skii unaanza mwishoni mwa Mei na kwisha mapema Septemba. Yaani karibu msimu mzima ulipita katikati ya tarehe hizo mbili, na aliyepanga safari kwa hesabu za Februari alifika mpakani akakuta mambo mengine.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kudhani naukataa upande wa pili. Siukatai, na mfano ninao nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 19, uzito kilo 82, na anateleza kwa ubao mmoja, ile wanayoita slalomu. Huko urefu wa ubao haukisiwi kwa macho. Unatokana na uzito wa mtu na kasi ya boti. Kwa uzito wake, nyuma ya boti ya kilomita 55 kwa saa, alihitaji inchi 67. Ubao mfupi unazama nyuma na kumchosha mapaja, mrefu unakataa kukata kona. Maduka mawili ya hapa yalikuwa na 65 na 69. Agizo lingefika Agosti, msimu unakaribia kufungwa. Akaenda Buffalo, akalala siku mbili kwa rafiki zetu Wakongo wa mtaa wa West Side, akapata inchi 67 ya modeli ya mwaka uliotangulia kwa dola 540 za Marekani, kodi ikiwemo. Kwa kiwango cha siku ile ni kama 745 za Kanada, chini ya 800, hivyo mpakani alionyesha risiti na kupita bila kulipa. Wamarekani wana wateja wengi zaidi, maduka yao yana akiba kubwa zaidi, na mzigo wa mwaka jana wanaushusha bei kwa fujo. Kwa mtelezaji anayejua kabisa anachotaka, mpaka una faida ya kweli, na sioni sababu ya kumlaumu kwa kuifuata.

Shida ni kwamba wengi wetu hatujui tunachotaka. Mimi nilikuwa mmoja wao, na aliyelipia ni binti yangu. Ile jozi ya 320 ilikuwa na viatu vya kurekebisha, vimeandikwa kwamba vinafaa miguu ya saizi nyingi. Muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja, alinihakikishia vitamtosha mtoto wa miaka 12. Alipoanguka mara ya tatu mguu wa kulia ulichomoka, wa kushoto ukabaki ndani, na ubao ukazunguka na maji, ukampinda goti. Alichechemea wiki mbili. Kiatu cha skii kina kazi mbili zinazogombana: kishike mguu usicheze, na kiuachie ukianguka vibaya. Kikilegea ni hatari, kikibana kupita kiasi ni hatari.

Nilipozipeleka skii kwenye duka la Hamilton, yule fundi hakuuliza nilinunua wapi. Alimkalisha binti yangu kwenye benchi, akapaka maji ya sabuni ndani ya kiatu, akamwambia asukume mguu mpaka mwisho, kisha asimame na kukunja magoti kama yuko nyuma ya boti. Akaingiza kidole kwenye kisigino. Kisigino kilipanda. "Hiki ni cha mtu mzima," akasema, akaleta kingine, akarudia kila kitu toka mwanzo. Ilichukua dakika 40. Viatu vipya vilinigharimu dola 130, na hapo ile tofauti ya dola 12 ilikuwa imeshasahaulika. Kuvirudisha vya kwanza kulihitaji safari nyingine ya daraja, na kudai HST niliyolipa mpakani ni karatasi nyingine tena. Waranti ni hivyohivyo: ubao ukipasuka, duka ulikonunua ndilo la kwanza kuulizwa, nalo liko nchi nyingine.

Sasa jaketi okozi. Hapa sina pande mbili, naomba nieleweke. Mkazi wa Kanada anatakiwa kuwa na jaketi lenye idhini ya Kanada. Mgeni aliyekuja na la kwao ndiye anayeruhusiwa kulitumia. Kwa miaka mingi lebo ya walinzi wa pwani ya Marekani peke yake haikumtosha mkazi wa huku. Siku hizi kuna kiwango cha pamoja, na baadhi ya majaketi yana lebo moja inayotambuliwa pande zote mbili, lakini ni baadhi tu, na ya zamani bado yanauzwa. Kwa hiyo jaketi zuri kabisa, la bei nzuri kabisa, linaweza kukufanya uonekane huna jaketi boti ikisimamishwa na polisi wa majini. Na boti inatakiwa kuwa na jaketi la saizi sahihi kwa kila mtu, akiwemo yule anayevutwa. Pamoja naye lazima awepo mwangalizi mwenye kumtazama muda wote, na kiti kilicho wazi cha kumpandisha.

Kuna baya zaidi ya faini. Katika maduka ya upande wa pili, kwenye fremu ileile ya nguo, hutundikwa vizibao vyembamba vya mashindano. Vinapendeza, vinabana mwili vizuri, na ndani vina maandishi madogo kwamba havijaidhinishwa na walinzi wa pwani. Vinakinga mbavu zisipigwe na maji, basi. Havikuumbwa kumwinua mtu aliyepoteza pumzi, na mtu anayeanguka kwa kilomita 45 kwa saa anaweza kuipoteza kabisa kwa nusu dakika. Mimi nimekulia Tanga, nimeogelea kabla sijajua kusoma, na kwetu jaketi tulilihesabu kuwa la watalii. Ziwa la Ontario mwezi Mei si maji ya Tanga. Baridi yake hukata pumzi hata ya muogeleaji, na wengi wa ndugu zetu waliokulia bara hawakuwahi kujifunza kuogelea. Kizibao hicho nimekiona kimevaliwa na mtoto wa rafiki yangu mpenzi, amenunuliwa kwa upendo mtupu na baba aliyeona kina bei nafuu na rangi nzuri. Nilimvua pale pale gatini.

Upo pia upande wa duka lenyewe, ambao katika hesabu za shemeji hauna safu yake. Lile duka la Hamilton huwakopesha watoto skii wakazijaribu majini kabla wazazi hawajanunua. Fundi wake analipwa na bei ile ya 499. Sisemi tununue kwa huruma. Nasema dakika 40 za benchi zina gharama, na sisi tulizitumia baada ya kupeleka hela yetu kwingine.

Mwaka huu tumekubaliana hivi. Shemeji ana mahafali Buffalo, atakaa siku tatu, ataleta kamba ya mita 23 na mpini wake, vitu visivyohitaji kupimwa kwenye mwili wa mtu. Mpwa wangu akitaka kubadilisha ubao ataondoka naye. Viatu na majaketi ni Hamilton, na watoto wanakuja wenyewe kupimwa kifua na uzito. Binti yangu ameongezeka kilo 6 tangu mwaka jana. Jaketi lake la zamani linakwenda kwa mdogo wake, tukishalijaribu kwanza kwenye bwawa la jumuiya Jumapili.