Quanzhou, Kilwa na wenyeji wanaotembelea kwao

Nafanya kazi Jinjiang, mkoani Fujian, kusini-mashariki mwa China, nikikagua viatu vinavyosafirishwa kwenda Dar es Salaam, na siku za mapumziko huzitumia kutembea Quanzhou, mji mkongwe ulio jirani. Nikiwa mzaliwa wa Lindi ninayeijua Kilwa, nimefikia maoni kwamba magofu yetu hayapungukiwi na kitu mbele ya haya ya Wachina. Tunachopishana nao ni nani anayekwenda kuyaona.

Quanzhou ndio mji ambao mabaharia wa Kiarabu waliujua kwa jina la Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, aliandika pia habari za Zaitun na kuihesabu bandari yake miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Bahari moja ya biashara iliiunganisha miji hiyo, na vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa kwa wingi Kilwa Kisiwani. UNESCO iliiingiza Quanzhou katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo tangu 1981, kwa hiyo tuliwatangulia kwa miaka 40.

Mahali ninapopenda kurudi ni Msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa langoni yanaeleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 14 ulikarabatiwa na mtu mmoja wa Shiraz, mji uleule ambao masimulizi ya Kilwa yanasema ndiko alikotoka Ali bin Hassan, mwanzilishi wa usultani wake. Ukumbi mkuu wa sala hauna paa tena: vimebaki vitako vya nguzo, kuta nene za mawe, na upande wa kibla vidaka vyenye aya za Qurani ambazo bado zinasomeka. Yeyote aliyewahi kusimama katika sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, ule uliopanuliwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ataona kama yuko nyumbani. Lakini hapa Waislamu wa mji bado wanasali katika ukumbi mdogo pembeni, hekalu la Guandi, mungu wa Kichina, lililo jirani linafuka ubani, na bibi akitoka hekaluni humshika mjukuu mkono, wakaingia wote msikitini kutazama yale mawe na kusoma kibao cha maelezo.

Ni hivyo hivyo kwenye Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya usimamizi wa liwali Cai Xiang. Nguzo zake zimechongoka kama omo la chombo ili kuyapasua maji, na mafundi walipanda chaza kwenye misingi ili magamba yao yayashikamanishe mawe. Maji yakipwa, wanawake huingia topeni kuokota chaza, na juu yao familia zinapita. Wageni wa kutoka mbali kama mimi ni wachache kabisa katika umati huo.

Wachina hawakuzaliwa na mapenzi ya magofu kuliko sisi, wamerahisishiwa. Hekalu la Kaiyuan na minara yake miwili ya mawe halina kiingilio. Mabasi madogo ya umeme huzunguka mitaa ya kale kwa nauli ndogo, na tangu Septemba 2023 treni ya kasi kati ya Fuzhou na Xiamen inapita Quanzhou, hata mtu wa mji mwingine akaja asubuhi na kulala kwake. Walimu huleta wanafunzi kuona jahazi la enzi ya wafalme wa Song lililofukuliwa mwaka 1974 likiwa na pilipili manga, manukato na ambari.

Sisi wengi tuliisoma Kilwa darasani bila kuikanyaga. Sikubaliani na wanaosema Mtanzania hajali historia yake. Kinachomshinda ni safari. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulipata nafuu kubwa ya kuvuka mto Rufiji, lakini Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na baba mwenye watoto wanne haanzi mwendo wa zaidi ya kilomita 300 bila kujua atafikia wapi na boti itamtoza kiasi gani.

Sitamani kila kitu cha huku. Katika kijiji cha Xunpu, ambako kuta za nyumba zimejengwa kwa magamba makubwa ya chaza, vijana hupanga foleni wasukwe nywele na kupambwa maua wapigwe picha, kisha huondoka bila kuugusa ukuta hata mmoja. Kilwa Kisiwani, ambako watu wanaishi na kuvua pembeni mwa magofu, haistahili zogo la namna hiyo.

Ningeanzia na basi linaloondoka Dar es Salaam Ijumaa na kurudi Jumapili, nyumba za wenyeji wa Kilwa Masoko, mji ulio bara mkabala na kisiwa, zilizoandaliwa kupokea familia kwa bei wanayoimudu, na nauli ya boti ya kuvukia Kisiwani iliyobandikwa gatini, ili mwalimu wa Temeke au Mbagala aweze kupiga hesabu ya safari ya darasa lake kabla hajawaita wazazi kikaoni.