Mwezi wa tano hakuna kuugua

Mjomba ana tabia ya kunipigia kabla ya swala ya alfajiri, ili alimalizie bando lake la usiku. Kwao Muheza, Tanga, inakuwa saa kumi na moja kasoro, huku Minnesota, Marekani, ni saa tatu kasoro usiku, tena bado ni jana. Wiki iliyopita simu yake ilinikuta nimepiga magoti kwenye kokoto, navuta shuka jeupe juu ya trei za mrehani.

"Unafanya nini saa hizi?"

"Nafunika miche, mjomba. Leo kutaganda."

"Miche inalala na shuka?"

"Ndiyo."

"Haya. Na wewe umejifunika?"

Sikuwa nimejifunika. Vidole vilishakufa ganzi tangu magharibi.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana nyumbani nikisema niko kwenye kitalu watu hucheka: umevuka bahari yote hiyo kwenda kumwagilia maua? Kitalu ni cha familia moja ya huku. Mzee alikirithi kwa baba yake. Mkewe yuko kaunta, mwanawe anaendesha gari la mizigo, na binti yake ni mwalimu, lakini Jumamosi zote za Mei yuko hapa na watoto wake wanabeba trei. Mabanda yanapashwa moto kwa gesi tangu Februari. Nje theluji iko magotini, ndani nyanya zinachipua. Miezi mitatu hela inatoka tu, hairudi hata senti. Halafu inafika Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na mji mzima unakumbuka kwa mpigo kwamba una bustani. Foleni ya matoroli inatoka mlangoni hadi kwenye maegesho. Ikifika Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, kilichobaki kinauzwa nusu bei, na kisichouzika kinatupwa.

Wiki kama nane, basi. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba hii kinapikwa kwa wiki hizo. Ndiyo maana kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mwezi wa tano hakuna kuugua, hakuna harusi, na ukiweza usizae. Binti wa mzee aliolewa Oktoba. Kaka yake naye akaoa Oktoba.

Sasa nyie mnaopenda kusema "wenzetu wana mipango", mimi nimeishi na hiyo mipango, na nikiikwangua kidogo naikuta hofu. Mzee ana daftari ambalo kurasa zake zimelowa na kukauka mara nyingi. Baba yake alianza kuandika humo usiku wa mwisho wa sakitu, ile baridi inayogandisha umande, kila mwaka. Kuna mwaka baridi ilikoma Aprili, kuna mwaka Mei imefika katikati na bado inauma. Ukikosea usiku mmoja, kazi ya miezi mitatu inaamka nyeusi. Ungekuwa na adui wa namna hiyo, hata wewe ungenunua daftari.

Mjomba naye ana kitalu, na msimu wake wa pilikapilika ni huuhuu, masika. Anauza miche ya michungwa aliyoibebesha juu ya mlimau. Mche usipopata mteja masika utampata vuli, ukikosa vuli unaendelea kukua mpaka mizizi itoboe kiriba. Mvua na jua havijawahi kumtisha. Kinachomtafuna ni ndugu. Sisemi kwa ubaya, mimi mwenyewe ni mmojawapo. Zaidi ya miaka ishirini yuko kando ya barabara ileile na kitalu hakijaongezeka hata tuta moja, kwa sababu kila masika lazima apite mtu: shemeji, jirani, mtoto wa rafiki yake marehemu. "Nipe kumi, nitakuona." Hata anayelipa taslimu anaomba kupunguziwa, na akishapunguziwa anaomba nyongeza. Huku bei imebandikwa. Mrehani, kikopo kimoja, dola tano. Nilipomtajia, mjomba alinyamaza mpaka nikadhani bando limekata.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Na mtu anatoa?"

"Anatoa, na anashukuru."

Mrehani jamani! Kwetu unaota mlangoni, unachuma pamoja na asumini ukienda harusini, na kama huna unapiga hodi kwa jirani. Sikumbuki mama kununua ua hata siku moja. Alikuwa anaomba kitawi. Huku kuna petunia zenye kibandiko kinachokataza kuzizalisha bila kibali. Zina hataza, yaani patent, kwa sheria yao ya tangu 1930, kwa hiyo kitawi cha kumpa jirani nacho ni kosa. Aliyehangaika miaka kupata rangi mpya ale jasho lake, sina ugomvi. Ila kuna ua la kivulini tunaliuza kwa trei, wanaliita impatiens, na asili yake ni Afrika Mashariki. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, linaota lenyewe kando ya vijito, na utotoni tulilikanyaga bila kuliangalia mara mbili. Kila nikilipitisha kwenye mashine ya kaunta najisikia kama nauza kitu cha ukoo, na fungu langu silioni.

Mei mwaka juzi shangazi alifariki. Habari ilinifikia Ijumaa, siku mbili kabla ya Siku ya Mama. Mzee akaniambia nenda nyumbani, mkewe akanipa kadi waliyosaini wote. Hakuna aliyenizuia. Nilikaa chumbani kwa muda wa saa mbili, nikatazama mazishi kwenye simu, picha inakatakata, kisha nikavaa buti nikarudi mwenyewe kaunta, kwa sababu ile foleni nilikuwa naiona hata nikifumba macho. Masika hayohayo mjomba alifunga kitalu mpaka khitma ya siku ya tatu. Wateja walimfuata msibani, wakala pilau, siku ya nne wakaja kununua miche yao. Nikiwa nimepiga magoti kwenye kokoto na vidole vimeganda, jua la Muheza silioni la maana sana. Zile siku tatu ndizo ninazomwonea wivu.

Kabla hajakata alinipa habari nyingine. Mdogo wangu kapita kitaluni, kachukua miche ishirini, atalipa akivuna. Mchungwa wa kubebesha unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa.

"Umeandika, mjomba?"

"Niandike nini, si mdogo wako?"

Adhana ilikuwa imeanza, akakata. Nikafuta tope kwenye kidole, nikaandika mimi kwenye simu: ishirini, Mei, mdogo wangu.