Kabla ya Kusema Ni Puto

Usiku mmoja wa Februari 2025 mpwa wangu alinitumia video ya sekunde 40 aliyoipiga ufuoni Dunga, hapa Kisumu, yapata saa mbili na nusu. Chini ni weusi wa ziwa. Juu yake kuna duara jeupe lenye ukingo wa buluu, linatanuka na kunywea kama kitu kinachopumua. Halina mngurumo. Kinachosikika ni mawimbi na muziki wa kibanda cha samaki.

"Mjomba, watu wanasema hiki ni chombo," aliandika. "Wewe waonaje?"

Kufikia hapo video ilikuwa imeshazunguka katika vikundi vitatu vya WhatsApp, viwili vya ukoo na kimoja cha kanisa. Majibu yalikuwa ya aina mbili. Kuna waliosema ni viumbe wa sayari nyingine, na mama mmoja akawaomba watu waamke waombe. Kuna waliojibu kwa neno moja: puto. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kijana alikuwa ameelekea upande gani.

Niseme mapema kwamba mimi ni wa upande wa wanaoshuku. Nimesoma habari za vitu hivi vya angani kwa miaka mingi na sijaona hata kimoja kilichonilazimisha kuamini kwamba tumetembelewa. Lakini usiku ule lile neno "puto" liliniudhi kuliko "sayari nyingine". Anayesema puto naye ametoa dai, na dai lina deni. Ni puto la nani? Liko juu kiasi gani? Linamulikwa na nini saa hiyo ya usiku? Kama hawezi kujibu, basi hajaeleza kitu. Amemnyamazisha tu aliyeuliza.

Isitoshe, sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu ya kulipa neno hilo uzito wake. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuanza kutoa intaneti kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Yalikuwa kama 35, ya kuhudumia eneo la takriban kilomita mraba 50,000, zikiwemo Kisumu, Kakamega, Kericho, Eldoret na Nakuru. Puto moja lilikuwa na ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi, la plastiki inayopitisha mwanga. Huduma ikafungwa Machi 2021. Kwa hiyo aliyepiga picha ya nukta nyeupe iliyotulia juu ya mji huu mwishoni mwa 2020 huenda alipiga kitu halisi, kikubwa na kigeni kweli. Aliyemwambia "hakuna kitu, ni macho yako" alikosea sawasawa na aliyemwambia ni wageni wa anga za mbali.

Hesabu ya puto inawezekana kufanywa na mtu yeyote. Hapa ikweta jua huzama moja kwa moja na giza huingia haraka. Jua likishatua kwetu, kitu kilicho kilomita 20 juu yetu kitaendelea kulipata kwa dakika 18 hivi, kisha nacho kitaingia kizani. Februari jua la Kisumu hutua muda mfupi kabla ya saa moja jioni. Duara la mpwa wangu lilikuwa linang'aa saa moja unusu baada ya hapo, na Loon ilikuwa imeshafungwa kwa karibu miaka minne. Puto haliingii. Walioshuku walikosea, ingawa walikosea wakiwa upande wangu.

Kesho yake jioni nikamwambia twende Dunga, asimame palepale aliposimama, na simu ileile. Tulikaa kwenye jiwe karibu na mitumbwi iliyopinduliwa. Giza lilipoingia, upande wa magharibi, juu ya Ghuba ya Winam, ikawaka sayari ya Zuhura. Februari ile Zuhura ilikuwa katika mng'ao wake mkubwa kabisa, na ilikuwa ikitua baada ya saa tatu usiku. Nikamwonyesha. Akakataa.

"Mjomba, hiyo ni nyota tu. Ile ilikuwa kubwa."

Nikamwambia aipige. Aliinua simu, akavuta picha karibu hadi mwisho, na nukta ikafura ikawa duara jeupe lenye ukingo wa buluu, likaanza kupumua. Alishusha simu, akatazama nyota kwa macho, akainua simu tena. Akafanya hivyo mara nne bila kusema neno.

Kinachotokea ni hiki. Kamera ya simu hutafuta kingo za kitu ili ijue lenzi ikae wapi. Nukta ya mwanga katikati ya weusi haina kingo za kushika, kwa hiyo lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inajaribu tena. Kila inapopotea, nukta inamwagika kuwa duara, na inapokaribia kupata, duara linanywea. Kupumua kule kulikuwa kwa simu. Tulipogusa kioo juu ya taa ya mtumbwi ili kamera ikaze picha pale, duara likarudi kuwa nukta.

Jambo hili halidanganyi vijana wa ufuoni peke yao. Mwaka 2019 mabaharia wa Marekani walipiga video ya usiku iliyoonyesha pembetatu zinazomweka juu ya manowari, na ikazunguka dunia nzima. Mei 2022 afisa wa ujasusi wa jeshi lao la majini aliliambia bunge kwamba umbo lile lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea gizani kisha ukanaswa na kamera, na kwamba vitu vyenyewe walivihesabu kuwa droni. Umbo lilikuwa la kifaa. Vitu vilikuwa vya kweli. Wengi hushika nusu moja ya jibu hilo na kuiacha nyingine.

Ukikaa Dunga usiku wa giza la mwezi utaona mengine. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huelea mbali na taa zao ili samaki wazifuate. Zamani zilikuwa karabai zenye mwanga wa manjano, sasa nyingi ni za betri na sola, nyeupe na kali. Kukiwa hakuna mwezi, mstari unaotenga maji na anga unafutika kabisa, na taa iliyo mbali inaonekana imening'inia hewani. Mtumbwi ukipanda na kushuka kwenye wimbi, taa inazimika na kuwaka. Ivute karibu kwa simu bila kuonyesha ufuo, nawe umepata msafara wa vyombo vya angani.

Mchana kuna wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoibuka kwa mabilioni, hasa siku za mwezi mwandamo. Wanapanda juu ya maji kwa nguzo nyeusi zinazojisokota, ndefu kuliko jengo lolote mjini, na upepo unazisukuma taratibu. Mgeni akiziona mara ya kwanza anatafuta moto ulipo. Nimewahi kuona picha za nguzo hizo zikiitwa ushahidi wa mlango wa kuingilia ulimwengu mwingine, na aliyeziita hivyo hakuwa mwongo, alikuwa tu hajawahi kuishi kando ya ziwa.

Mengine niyapitie haraka. Kuna setilaiti za intaneti za Starlink, zinazorushwa kwa mafungu tangu Mei 2019. Siku za kwanza baada ya kurushwa hupita kama treni ya taa zilizopangana, katika saa moja na nusu hivi ya mwanzo wa usiku ambapo zilipo jua bado linafika. Kuna ndege inayokuja kutua ikiwa imekuelekea, taa zake zikionekana zimesimama mahali pamoja kwa dakika kadhaa. Kuna mioto ya mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni inayopaka mawingu rangi nyekundu. Na kuna doa la kijani linalocheza kwenye video ukiwa karibu na taa ya mlingoti. Hilo ni mwanga unaorudishwa ndani ya lenzi, na dalili yake ni kwamba taa ikienda kushoto ndani ya picha, doa linakwenda kulia.

Siku hizi kuna pia video ambazo hazikupigwa angani popote, zimetengenezwa kwa akili unde, kwa hiyo swali la kwanza linakuwa ni nani aliyepiga na alisimama wapi.

Video inayowasumbua watu zaidi ni ya ndege ya kivita ya Marekani iliyopigwa mwaka 2015, inayojulikana kama GoFast, ambayo wizara yao ya ulinzi iliitoa rasmi Aprili 2020. Kitu kidogo kinaonekana kikiteleza juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Jopo la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilipopiga hesabu kwa namba zilizo kwenye kioo cha kamera, katika ripoti ya Septemba 2023, lilikuta kitu kile hakikuwa karibu na maji. Kilikuwa kilomita 4 hivi juu ya bahari, kikienda wastani wa kilomita 64 kwa saa, mwendo wa matatu mjini. Kilichokimbia ni ndege iliyobeba kamera. Ni kama unaposafiri kutoka Ahero: nguzo za umeme zinarudi nyuma mbio, na milima ya Nandi inaonekana inakwenda nawe. Bila kujua kitu kiko umbali gani, huwezi kujua ukubwa wake wala kasi yake, hata uwe rubani wa miaka 30.

Hadi hapa nimewasemea wanaoshuku. Wa upande wa pili wana hoja ambazo wenzangu hawazijibu vizuri.

Ya kwanza ni kwamba wakubwa wamewahi kudanganya. Marekani ilipoanza kurusha ndege ya upelelezi ya U-2 mwaka 1955, iliruka kilomita 18 na zaidi, juu kuliko mtu yeyote alivyodhani ndege inaweza kufika, na jioni ilimulikwa na jua wakati ardhi imeshaingia giza. Marubani wa abiria waliripoti taa za ajabu. Jeshi la anga likawapa maelezo ya hali ya hewa huku likijua si kweli, ili kulinda siri. Utafiti wa kihistoria wa CIA yenyewe, wa mwaka 1997, ulikiri hivyo. Waliokuwa sahihi ni mashahidi: waliona kitu. Kwa mtu aliyeishi kusikiliza matamko ya serikali, na sisi Wakenya tumeyasikia mengi, hoja hii si ya kupuuzwa.

Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Kwa miaka mingi marubani walisema wameona mimweko mikubwa juu ya mawingu ya radi, ikielekea anga za juu. Wengi walinyamaza wasionekane wamechanganyikiwa. Julai 1989 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakijaribu kamera ya kuona penye mwanga hafifu, wakainasa kwa bahati. Leo inajulikana vizuri: ni mimweko ya umeme, mingi ikiwa myekundu, kilomita 50 hadi 90 juu ya ardhi, hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde. Nalitaja hili nikijua ninaishi wapi. Dhoruba za usiku juu ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa kali zaidi duniani. Ni wazee wangapi wa huku waliwahi kuona wekundu juu ya wingu, wakaambiwa wamelewa?

Wanaoamini hutaja pia mabaki, yaani taarifa ambazo hazikupata maelezo. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za vitu vya ajabu angani kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila maelezo. Hapa narudi upande wangu. Taarifa inaweza kubaki bila maelezo kwa kukosa saa, upande na picha ya kutosha, na pengo la namna hiyo haliwezi kubeba chombo cha sayari nyingine. Mabaki yanastahili kuitwa mabaki. Pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024 ilipata jibu haraka kwa sababu ilikuwepo pale, inashikika, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaitambua kuwa kipande cha roketi. Nukta kwenye simu haina anasa hiyo. Lakini jopo la NASA nalo lilisema kuwa aibu wanayotiwa mashahidi inapoteza taarifa, na ninakubali kabisa. Tunaoshuku tumechangia aibu hiyo kwa majibu yetu ya neno moja.

Tangu usiku wa Zuhura mpwa wangu ameweka daftari. Anaandika saa, upande, kilichokuwa karibu, kisha nafasi ya jibu. Juzi tulikuwa Dunga tena, mvuvi mmoja wa omena akatuonyesha video yake ya sekunde 11. Taa tatu nyekundu, zimejikunja kidogo, zinapanda polepole kisha zinapotea. Hakuna ufuo, hakuna nyota. Nikamuuliza alikuwa ameelekea wapi. Akasema katikati ya ziwa mtumbwi hugeuka tu. Mpwa wangu akashika kalamu aandike taa za wavuvi.

"Kijana," akasema yule mzee, bila hasira, "taa za omena nimeziwasha mwenyewe miaka ishirini. Hizo sizo."

Mpwa wangu akanitazama. Nikamwambia aandike sekunde 11, taa tatu, nyekundu, shahidi ni mvuvi, na ile nafasi ya mwisho aiache wazi.