Anayeshikilia Arial Mwanza Ana Sababu Zake

Kila mwaka wabunifu wa herufi duniani hutoa orodha za fonti mpya, yaani mitindo ya herufi, zilizowapendeza. Type Directors Club ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1946, hugawa vyeti vyake, na shindano la Granshan, lililoanza Armenia mwaka 2008, huangalia zaidi maandishi yasiyo ya Kilatini. Vijana wa usanifu wa Mwanza wanazifuatilia orodha hizo, na swali lao linaeleweka: mbona mabango ya mjini, kuanzia Kirumba Mwaloni hadi stendi ya Nyegezi, bado ni Arial, Impact, Cooper Black na Algerian? Arial ni ya 1982, Impact ya 1965, Cooper Black ya 1922, na Algerian ilikuwepo tangu 1908. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mafundi wa kuchapa hawajui. Jibu hilo linawaonea.

Tuanze na wanaozisifu tuzo, kwa sababu nao wana hoja. Tangazo la msiba lililochapwa kwa Algerian, herufi zenye mapambo na kivuli, linamvunjia marehemu heshima. Kipeperushi chenye fonti tano hakisomeki hata kama kila moja ni nzuri peke yake. Hoteli za njia ya kwenda lango la Ndabaka la Serengeti nazo zina mazoea ya kuandika “safari” kwa herufi nene zilizochongekachongeka za Neuland, fonti ya Mjerumani Rudolf Koch ya mwaka 1923, kana kwamba Afrika iliandikwa kwa shoka. Isitoshe, tuzo si za mapambo tu. Mwaka 2003 Type Directors Club iliipa cheti Gentium ya Victor Gaultney, fonti ya vitabu iliyobuniwa ili lugha nyingi zenye alama za ziada zipate maandishi yenye hadhi. Mtu wa Kisukuma, lugha yenye irabu saba, akitaka kuzitofautisha zote kwenye maandishi atahitaji alama kama ɪ na ʊ, na fonti nyingi za mapambo hazinazo. Anayesema majaji wa New York hawajawahi kufikiria lugha kama zetu anakosea.

Sasa tuingie dukani. Kazi ya kuchapa Mwanza hupita mikono mingi: mmoja anasanifu nyumbani, faili linapelekwa kwa fleshi hadi penye mashine ya fleksi, ile turubai ya plastiki ya mabango, na stika za gari zinakatwa kwa plota, mashine ya kisu, ya duka la tatu. Kompyuta ya pili isipokuwa na fonti iliyotumika, programu huweka nyingine yenye upana tofauti. Mstari uliokuwa mmoja unakuwa miwili na namba ya simu inaangukia nje ya fremu. Dawa inajulikana: katika CorelDRAW, programu ya kusanifu, chagua maandishi, bonyeza Ctrl+Q, herufi zigeuke kuwa michoro. Ila baada ya hapo hazihaririki tena. Kadi ya harusi ikionekana imekosewa jina la ukoo saa moja kabla ya kuchapwa, lazima faili la awali lirudi, na mwenye nalo huenda yuko kwenye kivuko cha Kamanga simu imezimwa. Arial iko kwenye kila kompyuta ya Windows tangu 1992. Fundi anayeichagua anakata bima ya kazi ya mteja.

Fonti mpya zimeongeza tatizo jingine. Nyingi siku hizi hutolewa kama faili moja lenye uzito wote, kutoka mwembamba hadi mnene, mtumiaji akisogeza kipimo apendavyo. Matoleo ya CorelDRAW ya kabla ya 2020 hayawezi kuutumia uwezo huo. Hata toleo linaloweza lina mtego wake: ndani ya faili hizo sehemu za herufi huachwa zikipandana, kwa mfano mguu wa k ukiingia ndani ya nguzo yake. Kwenye karatasi hakionekani kitu. Kwenye plota kisu hufuata kila mstari, kikaikata k katikati, na stika inapong'olewa kipande kinabaki mkononi. Lazima fundi aangalie mchoro kwa mistari mitupu, aunganishe maumbo, ndipo akate. Mteja anayelipia stika mbili za bodaboda halipii dakika hizo.

Halafu kuna umbali, na hapa orodha za fonti bora hazisaidii hata kidogo. Kanuni ya mabango ni kwamba kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi husomeka kwa raha kutoka mita 3, na kwa kujitahidi kutoka kama mita 10. Herufi ya sentimita 15 basi inasomeka vizuri kutoka mita 18. Abiria wa bajaji inayokwenda kilomita 40 kwa saa huzimaliza mita hizo 18 kwa sekunde moja na nusu hivi. Akitakiwa kuanza kusoma kutoka mita 60, jicho zima kwa umbali huo hutenganisha vitu vilivyoachana kama sentimita 1.7. Fonti nyembamba ya kisasa, ambayo unene wa mstari wake ni moja ya ishirini ya kimo, ina mstari wa milimita 7.5 tu. Umbo lake linayeyuka. Impact, iliyozeeka na kuchekwa, ina mistari minene kuliko kipimo hicho. Na jua la kandokando ya ziwa likipausha wino baada ya miezi, nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea.

Yote hayo bado ni ya ufundi. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno ambayo fonti hujaribiwa nayo. Wabunifu wana neno lao la kazi, Hamburgefonts, wanalolichora kwanza ili kuona herufi zinavyokaa pamoja. Lina herufi 13, na a imo mara moja. Hamna k, hamna w, hamna y, i, l wala z. Jaribu kuandika hata “Kiswahili” bila hizo.

Sasa chukua sentensi ambayo ofisi yoyote ya kata inaweza kuibandika ukutani: “Wananchi wa Mwanza wanatakiwa kulipa ada ya taka kila mwezi.” Ina herufi 50 kamili. Kati ya hizo 16 ni a, karibu theluthi moja. W ni sita, k ni nne. Sentensi nyingine zitakuwa na a chache zaidi, lakini ni nadra kupata ukurasa wa Kiswahili ambao a haiongozi. Kwa Kiingereza anayeongoza ni e, na a haifiki moja katika kumi. Maana yake ni kwamba fonti yenye a mbovu kidogo, kasoro ambayo msomaji wa London hataiona, huku kwetu inachafua ukurasa mzima.

Na a huharibika kwa njia mbili. Ile ya vitabuni, yenye kipaa juu na kitumbo chini, ina tundu dogo. Mtihani ukitolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi, wino huziba tundu hilo na a inakuwa doa. Ile ya daftarini, duara lenye mkono, haizibi upesi, lakini mbunifu akipenda sana jometri mkono unakuwa mfupi na herufi inafanana na o. Kwa Kiingereza muktadha huokoa. Kwa Kiswahili “nataka Nansio” na “natoka Nansio” zote ni sentensi halali, na maana zake zinakwenda pande mbili za ziwa. Taka na toka, kaa na koo, chaka na choka: jozi za namna hii ziko tele, na sijaona fonti ya mwaka inayosifiwa kwa kuzitenganisha.

Jirani ya hilo ni ng'. Katika fonti iliyopangwa vizuri alama ile ya juu hukaa karibu na g, na irabu inayofuata husogea. Katika nyingi huachiwa nafasi ya alama ya kunukuu, hivyo “ng'ang'ania” inakuwa na mashimo mawili kana kwamba ni maneno matatu. Fonti za bure za mapambo mara nyingi hazina kabisa alama iliyopinda, na Word huipinda yenyewe mtu anapoandika. Ukinakili maandishi kuyapeleka kwenye CorelDRAW, alama inatoka kwa sura ya fonti nyingine au kama kisanduku kitupu. Kanda ya Ziwa, yenye kina Ng'wandu na kata kama Ng'haya ya Magu, hili hutokea kwenye majina ya watu na ya mahali, ambako hakuna anayevumilia kosa.

Hata hivyo, wauzaji wa fonti karibu wote huorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha “zinazokubalika”. Kinakubalika kwa sababu hakina alama za ziada. Fonti yoyote yenye a hadi z inapita. Tunahesabiwa bila kuonjeshwa. Mashindanoni mbunifu huwasilisha kurasa alizozipanga mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua, na sioni kwa nini jaji asidai ukurasa mmoja wa habari za kawaida katika lugha mojawapo iliyotajwa kwenye orodha hiyo.

Mafundi nao wana lao. W na A zikifuatana kwenye MWANZA huacha upenyo wa mshazari, na bango la mita tatu hulikuza pengo hilo hadi neno likawa MW ANZA. Mchora mitumbwi wa Ukerewe, anayeandika jina la chombo kwa brashi juu ya mbao, huisogeza A bila kufundishwa na mtu. Anayetumia CorelDRAW ana kitufe cha F10 cha kusogeza herufi mojamoja, lakini wengi hawakigusi. Bei nayo hutajwa kama kisingizio kuliko inavyostahili. Ni kweli fonti ya kibiashara huuzwa mara nyingi kwa dola 30 hadi 60 kwa uzito mmoja, na anayelipwa kwa mita ya mraba ya fleksi hana pa kuziandika kwenye risiti. Lakini zipo za bure zilizotengenezwa kwa uangalifu. Andika ya SIL, shirika la masuala ya lugha, yenye jina la Kiswahili kabisa, ilibuniwa kwa wanaoanza kusoma, herufi zake zikichorwa makusudi zisifanane. Montserrat ya Julieta Ulanovsky ilitokana na mabango ya zamani ya mtaa wake wa Buenos Aires. Mtu aliangalia kuta za kwao akapata fonti inayotumika dunia nzima. Herufi za mitumbwi ya Mwaloni bado hazijapata mtu wa kuzifanyia hivyo, na tuzo ya aina hiyo ningeifuatilia.

Kwa anayetaka kuijaribu fonti mpya kabla ya kuipa kazi ya mteja, njia haina gharama. Andika ile sentensi ya ada ya taka, ongeza “Ng'ombe wa Ng'wandu wanang'ang'ania nyasi za Ng'haya”, kisha MWANZA na TANZANIA kwa herufi kubwa. Chapa kwa pointi 9, 11 na 14, toa kopi, toa kopi ya kopi, na katika hiyo ya mwisho angalia matundu ya a. Kwa plota, kata neno moja kwa kimo cha sentimita 2 na uling'oe. Mistari iliyo chini ya milimita moja itanyanyuka na karatasi.

Gentium, Andika na Montserrat zote ziko chini ya leseni huria ya fonti iitwayo OFL (Open Font License), inayoruhusu kunakili na kugawa ilimradi faili la fonti lisiuzwe peke yake. Hilo ndilo ningewaambia mafundi kabla ya habari yoyote ya uzuri, kwa sababu leseni ya Arial haiwaruhusu kuigawa namna hiyo. Fonti ya OFL inaweza kuwekwa ndani ya fleshi ileile yenye kazi, ikafika kwenye mashine ya fleksi na ya plota pamoja na faili, na jina lililokosewa likasahihishwa palepale bila kumsubiri aliye kwenye kivuko.