Edward: tusiishie kwenye "mlinzi wa mali"

Ukitafuta maana ya jina Edward mtandaoni, jibu ni lile lile kila mahali: "mlinzi wa mali". Si uongo. Katika Kiingereza cha kale, ead ni mali, neema au bahati njema, na weard ni mlinzi. Ila mzazi anayeishia hapo amechukua sehemu ndogo kabisa ya jina.

Waingereza wa kale walikuwa na akiba ya vipande vya majina. Walichukua kimoja cha mwanzo na kimoja cha mwisho wakaviunga, mara nyingi ili undugu uonekane. Wulfstan, askofu wa Worcester wa karne ya 11, alipewa kipande cha mama yake Wulfgifu na cha baba yake Æthelstan. Wulf ni mbwamwitu, stan ni jiwe. Lazimisha maana, upate "jiwe la mbwamwitu", kitu ambacho hakuna mzazi aliyekikusudia. Kwenye ukoo wa kifalme wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, hali ni hiyo hiyo: Edward Mzee, aliyetawala 899 hadi 924, alikuwa na wana walioitwa Edwin, Edmund na Eadred. Hicho kipande cha mwanzo, ead (au Ed), kilitambulisha ukoo. Kwa hiyo Edwin si kifupi cha Edward, ingawa wengi huyachanganya. Ni jina jingine lenye wine, yaani rafiki. Vifupi vya Edward ni Ed, Eddie, Ned na Ted.

Kinachonivutia zaidi ni namna jina lilivyonusurika. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya wenyeji yalififia ndani ya vizazi vichache. Watoto wakaitwa William, Robert, Richard. Edward liliokolewa na marehemu mmoja: mfalme Edward Muungamadini, aliyefariki Januari 1066 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1161. Mfalme Henry III wa Uingereza alimheshimu mno. Mwaka 1239 akampa mwanawe wa kwanza jina hilo la Kiingereza, ingawa jamaa zake walizungumza Kifaransa, na kuanzia 1245 akalijenga upya kanisa la Westminster lenye kaburi la mtakatifu huyo. Mwana huyo, mjukuu na kitukuu, wote Edward, wakatawala mfululizo kuanzia 1272 hadi 1377. Hesabu ya namba ilianza upya kwao, ndiyo maana Edward I kwa kweli ni mfalme wa nne wa jina hilo.

Philippa, mjukuu wa Edward III, aliolewa na mfalme wa Ureno mwaka 1387, na mwana wao akaitwa Duarte, umbo la Kireno la Edward. Mreno mwingine wa jina hilo, Duarte Barbosa, aliandika habari za Kilwa na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 16.

Huku kwetu, naamini Edward wengi wa Tanzania wana haki ya kumtaja kwanza Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu 1977–1980 na tena 1983 hadi kifo chake Aprili 1984, kabla ya mfalme yeyote.

Ukilichagua, amua tahajia mapema: Edward, Edwad au Eduard. Cheti cha kuzaliwa kikisema moja na cha shule kikisema nyingine, mtoto atakuja kuhangaika na viapo vya kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Na kwa wanaoadhimisha siku ya somo, Waanglikana humkumbuka Muungamadini Oktoba 13.