Namba nzuri, jina la shemeji

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta maturubai na viti kwa ajili ya arobaini ya mzee wetu mmoja. Mtaani kwetu kuna jamaa ana bango kubwa la kazi hiyo, namba ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko hata jina la biashara, na si namba ya hivi hivi: inaishia na sifuri nne. Ukiiona mara moja umeishika. Nikapiga, akapokea vizuri, bei tukaelewana, nikauliza advansi nitume wapi.

"Tuma hapo hapo kaka, ila jina litakuja la shemeji yangu, usishtuke."

Nilishtuka, tena si kwa kuogopa kutapeliwa, maana jamaa namfahamu. Nilishtuka kwa sababu sentensi hiyo nimeshaisikia kwa fundi wa aluminiamu, kwa mwenye duka la dawa za mifugo, kwa dada anayeuza keki, hadi kwenye chekechea. Jina litakuja la mke wangu. Litakuja la mdogo wangu. Litakuja la dogo mmoja alikuwa anakaa hapa dukani, siku hizi yuko Mwanza. Nchi nzima inafanya biashara kwa jina la mtu mwingine, na sisi wateja tunajibu "poa" halafu tunabonyeza namba ya siri.

Cha kuchekesha ni kwamba jamaa huyo huyo ukimuuliza aliipataje hiyo namba, kifua kinatanuka. Atakueleza alivyomfuata mtu wa mtandao, alivyoambiwa subiri, alivyoongeza kidogo mpaka ikapatikana. Kuitafuta alihangaika kama anayetafuta mke, siku ya kufunga ndoa akamtuma shemeji akatie saini.

Sipingi namba nzuri, tuelewane. Angalia za TRA, mamlaka ya mapato, za kupiga bure: 0800 750 075 na 0800 780 078. Zitamke kwa sauti. Sifuri imetoka mkiani ikakaa mbele, basi, tarakimu nyingine ni zile zile. Aliyezichagua alikuwa na sikio. Wana na ya tatu, 0800 110 016, na hiyo kila nikiitaka lazima niitafute upya. TANESCO wa umeme wana 180 na DAWASA wa maji wana 181, hapo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kutumwa apige. Kipimo changu ni kimoja: mtajie konda wa daladala namba yako mara moja gari likiwa linaondoka. Akiweza kuirudia, hiyo ni namba. Akisema "nibip", rudi ukatafute nyingine.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Namba zao za 800, ambazo anayepigiwa ndiye anayelipa, zilianza 1967, na kwa kuwa vitufe vya simu vina herufi, watu wakaanza kuzigeuza maneno. Kampuni ya maua ya 1-800-FLOWERS inaitwa kwa namba yake. Ukibonyeza herufi hizo unakuwa umepiga 356-9377. Kwetu hilo halijashika, na mimi sioni shida. Mteja wangu wa kitochi hatafuti herufi, anasikiliza mwendo wa tarakimu. Na ndugu zetu wa Kenya ambao mpaka leo wanaringia 0722 kana kwamba ni hati ya kiwanja, nao wana ugonjwa wao, tuwaache.

Turudi kwa shemeji.

Najua ilianzaje, na hapa nitawapa watu haki yao, ingawa kwa shingo upande. Mnakumbuka mwisho wa 2019. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa umeanza Mei mwaka huo, tarehe ya mwisho ikawekwa Desemba 31, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20, mpaka Januari 20, 2020. Foleni za NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, zilikuwa zinaanza alfajiri. Kuna waliojaza fomu tangu mwaka juzi yake na namba haijatoka, kuna wazee ambao vidole vimelika kwa jembe, mashine haisomi kitu. Laini inakwenda kuzimwa, na laini ndiyo duka. Utafanyaje? Unamwita aliye na namba ya NIDA, anaweka kidole, biashara inaendelea. Hapo simlaumu mtu.

Lakini ndugu yangu, 2020 ilipita. Namba yako ya NIDA ulishaipata, kitambulisho umekilaminishia juu, unakitumia benki, na laini bado ni ya shemeji. Hiyo si foleni tena. Huo ni uvivu.

Tabata kuna mama anapika vyakula vya harusi. Pilau yake mimi nimeila mara nyingi kuliko ninavyostahili. Laini yake ya oda iliwekwa jina la mtoto wa dada yake, wakati ule ule wa foleni. Kijana alikuwa mzuri, anabeba masufuria, anaendesha Kirikuu, anapokea simu. Baadaye wakakosana, mambo ya mshahara na kiwanja, kila mmoja ana maelezo yake. Kijana hakugombana. Alikwenda kwenye duka la mtandao, akataja namba yake ya NIDA, akaweka kidole, akasema laini imepotea. Wakampa nyingine. Ile iliyokuwa kwenye simu ya mama ikakata mtandao wakati anahesabu sahani.

Fikiria kilichoondoka hapo. Namba yenyewe iliyoandikwa ubavuni mwa gari na kwenye aproni za vijana wake. Salio lililokuwa ndani, advansi za watu wawili watatu. WhatsApp pia, maana ukiifungua kwenye simu nyingine msimbo unakuja kwa meseji, na meseji sasa zinaingia kwa kijana. Picha za keki, orodha ya bei, vikundi vya kamati za harusi, vyote. Wateja waliendelea kupiga namba waliyoizoea, wakajibiwa kwa adabu kabisa kwamba mama amepumzika, siku hizi oda nachukua mimi. Naye anapika! Si vibaya sana, wanasema.

Mama alipokwenda kulalamika alijibiwa neno moja ambalo hakuna wakili wa kulipindua: mama, laini si yako. Ni kweli, haikuwa yake. Miaka yote ile alikuwa anakuza namba ya mtu.

Na huyo alikosana na mtu aliye hai. Aliyeandikishwa akifariki je? Hela iliyomo kwenye laini ni ya marehemu, ina warithi, inasubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani. Utasimama kwenye kikao cha familia, watu wamekaa kwenye mikeka, matanga hayajaanuliwa, uanze kueleza kwamba ile milioni mbili ni advansi ya send-off ya binti wa watu. Nani atakusikiliza? Mimi ningekuwa mjane wa marehemu nisingekusikiliza.

Kuna watu wanadhani wamelindwa kwa sababu jina la biashara limesajiliwa BRELA, kwa wasajili wa biashara. Jina ni jina. Cheti cha BRELA hakitaji ile laini iliyomo kwenye simu yako wala hakimuulizi shemeji kitu. Na hata ukiiandikisha kwa jina lako, usijidanganye kwamba umeinunua kama unavyonunua kiwanja. Namba za simu ni rasilimali ya taifa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inawagawia watoa huduma, watoa huduma wanatupa sisi haki ya kuzitumia. Ukiiacha imelala miezi bila kuitumia inaweza kurudishwa ghalani na kupewa mtu mwingine. Ndiyo maana unapiga kwa fundi friji wako wa zamani anapokea binti wa Shinyanga ambaye ameshachoka kuambiwa habari za gesi.

Wazee wa biashara mjini wanalijua hili. Katikati ya miaka ya 2000 namba zilibadilishwa zikiwa mikononi mwetu, 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713, 0748 ikawa 0784, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Walichofanya wenye akili ni kupaka rangi upya mabango. Mengine mpaka yanaanguka yalikuwa bado na 0744.

Hao Wamarekani na namba zao za herufi walijifunza kwa maumivu pia, ila kwa upande mwingine. Miaka ya 1990 watu wa kampuni ya simu ya AT&T walitangaza huduma yao ya simu za kulipiwa na anayepigiwa kwa namba 1-800-OPERATOR. Washindani wao MCI wakakumbuka jambo dogo: watu hawajui tahajia. Wakaichukua 1-800-OPERATER. AT&T wanalipia matangazo, MCI wanapokea simu na hela. Mwishowe AT&T waliiacha namba yenyewe wakahamia nyingine. Holiday Inn nao walikuwa na 1-800-HOLIDAY, kuna watu wakachukua namba inayopatikana mtu akibonyeza sifuri badala ya herufi O. Wakapelekana mahakamani, na 1996 mahakama ya rufaa ikasema waliochukua hawana kosa: hawakuitangaza namba ile, waliokosea ni wapigaji wenyewe. Ukubwa wote ule wa hoteli, wameshindwa kwa sifuri moja ambayo wangeichukua mapema bila kugombana na mtu.

Kwa hiyo kama namba yako inaishia 0000 na biashara imeshakua, kaulizie na ile ya jirani inayoishia sifuri tatu tu, au ile ile yenye tarakimu za mwanzo zinazokaribiana na zako. Ikipatikana, chukua, uiweke hai. Matapeli wa kwetu hawahitaji hata tahajia; wanafungua ukurasa wa Instagram wenye picha zako, wanaweka namba inayokaribiana na yako, na wateja wako wanatuma. Meseji zao zikikufikia zipeleke 15040, halafu uwaambie wateja wako mapema, usisubiri wakuambie wao.

Wapo watakaosema hama, chukua 0800, hiyo haina shemeji. Ni kweli kiasi. Namba ya bure inaombwa na kampuni, kwa nyaraka za kampuni, na mteja asiye na salio anakufikia, hilo silipingi. Ila "bure" hiyo unalipa wewe, kila dakika, pamoja na dakika za mtoto anayechezea simu ya baba yake na za kaka anayetaka kujua kama mna ajira. Uliza kwanza kama inapatikana kutoka mitandao yote, kwa sababu ukiona ofisi ina 0800 tatu jua haikuziweka kwa urembo. Na kama wateja wako ni wale wa Muscat na London wanaojenga nyumbani, 0800 yako kwao ni mapambo, haitaita. Kwa muuza maturubai mmoja wa mtaani mimi ningesema laini ya kawaida inatosha, mradi iwe yake.

Kuifanya iwe yake si kazi ya mwezi. Ukiwa na kampuni, inasajiliwa kwa jina la kampuni, unakwenda na TIN, leseni na mwakilishi anayetambulika. Mwakilishi akiondoka, siku hiyo hiyo unambadilisha, kabla hata hajala keki ya kuagwa. Ukiwa huna kampuni, iwe kwa NIDA yako. Malipo yahamishie kwenye lipa namba yenye jina la biashara, mteja akibonyeza aone jina lile lile lililoko kwenye bango. Na usiniambie unaogopa kupoteza namba ukihama mtandao, tangu Machi 2017 unahama nayo.

"Lakini shemeji ni mtu mzuri." Sijasema ni mbaya. Mashemeji wote ni wazuri mpaka ndoa itetereke, na ndoa inayotetereka si yako hata, ni ya dada yako, na huko huna kura.

Sasa na wewe uliyetoa kidole, usikae pembeni ukicheka. Laini ile ikitapeli mtu, jina linalosomeka ni lako. Ikipokea milioni kumi kwa mwezi, zimepokelewa na wewe, na siku ukiulizwa zilitoka wapi utasema nini, viti? Piga *106# uone laini ngapi zinatembea kwa NIDA yako kwenye mtandao huo. Ukikuta ya ndugu, mpe wiki moja aje mwende pamoja kubadilisha. Ukikuta usiyoijua kabisa, usimsubiri mtu, nenda kaifungishe kesho asubuhi, kabla hujaitwa kituoni kueleza oda ya mtu ambaye hujawahi kumuona.