Kijana transjenda anapokataa chakula

"Unaogopa kunenepa?" Kijana aliyekonda akifikishwa hospitali, swali hilo halikosekani. Maswali ya kupima maradhi ya ulaji yalitungwa zaidi kwa kuwatazama wasichana wanaotamani wembamba. Mvulana transjenda, yaani aliyezaliwa wa kike lakini anajitambua kuwa mvulana, anaweza kujibu hapana, na akawa anasema kweli. Anachokikimbia ni nyonga, matiti na hedhi. Njaa ikiurudisha mwili nyuma, ugonjwa humpa kile alichokuwa akikililia, huku ukimdhoofisha moyo na mifupa. Msichana transjenda, aliyezaliwa wa kiume, naye hubanwa na kipimo cha wembamba kinachowabana wasichana wote, tena akiwa na hofu kwamba mabega yake yatamuumbua mbele za watu.

Ukubwa wa tatizo ulionekana mwaka 2015, katika utafiti wa wanafunzi 289,024 wa vyuo vya Marekani. Kati ya wanafunzi transjenda, karibu 16 kwa kila 100 walisema waliambiwa na wataalamu ndani ya mwaka mmoja kwamba wana ugonjwa wa ulaji. Kwa wanawake wasio transjenda wanaovutiwa na wanaume, hawakufika 2. Transjenda walikuwa 479 tu na majibu ni ya vinywa vyao wenyewe, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulifumbia macho.

Sasa kitibiwe kipi kwanza? Wapo wataalamu wanaosema chanzo ni kijana kuuona mwili si wake. Hilo likitulizwa, kwa homoni au njia nyingine, chakula kitafuata. Wana ushahidi wa kiasi, kwani tafiti kadhaa zimeona vijana wakiridhika zaidi na miili yao baada ya matibabu hayo. Ila kuuridhia mwili ni jambo moja na kupona anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, ni jingine. Maradhi hayo yakishaota mizizi hujiendesha yenyewe, hata sababu ya mwanzo ikiondoka.

Wengine wanahimiza tahadhari. Ripoti ya Dkt. Hilary Cass, daktari wa watoto, kuhusu huduma za jinsia kwa watoto na vijana, iliyotolewa Uingereza Aprili 2024, iliona ushahidi wa dawa za kuzuia balehe ni dhaifu, ikataka kila mtoto achunguzwe kwa mapana, matatizo ya ulaji yakiwemo. Akili yenye njaa huganda kwenye wazo moja, na uamuzi mzito haufai kufanywa katika hali hiyo. Mifupa pia: anoreksia huidhoofisha katika umri ambao ingepaswa kukomaa, na dawa za kuzuia balehe nazo hupunguza kasi ya kukomaa kwake.

Kitabibu, hoja hii naiona nzito zaidi. Moyo ukiyumba, lishe haina mjadala. Lakini "pona kwanza, mengine baadaye" ina ukatili wake. Uzito ukirudi, hedhi hurudi. Dawa yenyewe inamrejeshea kijana kile alichokuwa tayari kufa ili akikwepe. Kisha anapangiwa uzito kwa chati ya wasichana au ya wavulana, na mara nyingi haulizwi lolote.

Wazazi nao wamo ndani, maana tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia huwakabidhi wao usimamizi wa kila mlo nyumbani. Mzazi anayemkejeli mtoto kwa jina na mavazi yake, kisha akamsihi ale, anaiharibu tiba hiyo mezani kwake mwenyewe.

Iko njia ambayo haizungumzwi vya kutosha. Hedhi inaweza kuzuiwa kwa vidonge vya kawaida vya homoni, vilevile ambavyo madaktari wa wanawake wamewapa wasichana wengine kwa miaka mingi, wanaovuja damu nyingi au kuumwa sana. Uamuzi huo haungoji mabishano ya balehe na upasuaji yamalizike. Daktari wa lishe na daktari wa homoni wakikaa pamoja na kijana, wanaweza kulizungumza wiki ileile anapolazwa, kabla uzito haujaanza kupanda.